Chuma cha Mwalimu Projest

Niliusikia wimbo wangu kabla sijamwona mtu yeyote. Nilikuwa nimetoka Kisesa kumzika baba mdogo na kukaa matanga majuma mawili, nimeshuka barabarani na begi langu begani, nakatiza kichochoro cha nyuma ya viwanda pale Nyakato, na sauti zikanijia juu ya ukuta wakati hata bati la kanisa la kigango chetu sijaliona.

Upepo ulipovuma, mawimbi yakainuka,
Bwana uliposimama, ziwa lote likanyoka,
Nasi tuliotetema, furaha zatufunika,
Sifa zako tutasema, hadi Kamanga kufika.

Maneno hayo ni yangu, mimi Shimba mwana wa Maige. Niliyatunga nikiwa nimekalia kreti la samaki saa ya mapumziko, nikihesabu mizani kwa vidole, nane huku na nane kule. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Nilijifunza kwenye vipande vya magazeti vilivyofungiwa maandazi, kwenye ule ukurasa wa mashairi, nikajiapiza kwamba siku moja nitawapita wote walioandikwa humo. Kwa miaka minne nilikuwa kiongozi wa kwaya ya kigango chetu, na mpaka leo sijaona mtunzi mwingine aliyethubutu kumtajia Mungu kivuko cha Kamanga kwenye wimbo.

Mahadhi nayo yalikuwa yangu. Lakini mimi niliwafundisha waimbe wote kitu kimoja, wanawake juu, wanaume chini. Sasa wimbo ulikuwa umefunguka mara nne. Besi ilikanyaga taratibu kama ng'ombe wanaoshuka kunywa maji, sauti ya pili na ya tatu zilipishana katikati, na juu kabisa sauti ya Queen, binti wa mama Teodora, ilining'inia kwenye neno "ziwa" mpaka nikasimama pale kichochoroni na vinyweleo vimenisimama.

Ulikuwa mzuri kuliko nilivyoutunga. Hilo ndilo lililoniuma.

Nilipoingia nikamwona anayeimbisha. Mwanamume mrefu, mwembamba, shati limenyooshwa pasi, mkono mmoja hewani na mwingine umeshika karatasi. Katekista wetu, mzee Revocatus, akanijia mbio.

"Shimba! Pole sana na msiba. Umesikia lakini? Umesikia Mungu alivyotutendea? Huyu ni Mwalimu Projest Mutayoba, katoka Bukoba, yuko hapo hapo kiwandani kwenu, mkaguzi wa ubora. Anasoma nota, Shimba! Tumempa kwaya aishike mpaka..."

"Mpaka lini?"

"Mpaka... basi, tutaongea."

Huyo Mutayoba akaja, akanipa mkono. "Kaka, ndiwe mwenye maneno? Nilikuwa nakusubiri. Nakala yako hii hapa."

Akaninyooshea karatasi iliyojaa herufi, vinukta na vistari. Sikujua kusoma nota, na watu arobaini walikuwa wananitazama. Nikaogopa kuishika kichwa chini miguu juu mbele yao.

"Mimi wimbo wangu niko nao kichwani," nikasema, na karatasi sikuipokea.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Serikali ilikuwa inauza mashirika yake, mimi nilikuwa nimeshapunguzwa kazi ya kwanza, na viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinachipuka kila upande. Nilipata kazi ya kukata minofu, buti nyeupe na kisu mkononi tangu asubuhi. Mutayoba alipita nyuma yetu na kitabu chake, akipima samaki na kuandika. Kiwandani alikuwa juu yangu. Kanisani nako akawa juu yangu. Mahali nilipobaki mkubwa ni nyumbani kwa mama yangu tu, na huko nako si sana.

Dominika ya tatu ya Kwaresima tulialikwa kuimba ng'ambo. Tukapanda kivuko cha kwenda Kamanga, kwaya nzima, kanzu zetu kwenye mifuko. Nilikuwa nimesimama peke yangu kwenye reli nikiangalia maji, Mutayoba akaja akasimama kando yangu. Akatoa mfukoni kitu kilichofungwa kitambaa laini, akakifungua. Kilikuwa chuma cheupe chenye meno mawili.

"Umewahi kuona hiki, kaka?"

"Uma wa kulia wali uliokatika meno."

Akacheka sana. "Ni uma, lakini wa sauti. Tazama." Akakigonga gotini, akakiweka sikioni kwangu. Kililia kwa mbali, sauti moja, nyembamba, isiyotetereka. "Ukikigonga Bukoba ni sauti hiyo. Ukikigonga hapa ni hiyo hiyo. Mimi nahesabu kutoka hapo, napata pa kuanzia, halafu kila mtu namtajia yake. Alinipa padre mzee aliyenifundisha seminari."

Akakigonga tena, akakisimamisha kwenye reli ya kivuko, na reli yote ikaimba chini ya kiganja changu. Halafu akaniambia nikiume kwa meno, nikakiuma, na sauti ikajaa kichwa kizima kama vile fuvu langu lilikuwa kanisa. Nikacheka kama mtoto.

"Tufanye hivi," akasema. "Wewe unifundishe mizani, mimi nikufundishe nota. Nikitunga maneno mimi, yanakuwa makavu kama muhogo wa juzi. Yako yana maji."

Nilitaka kukubali. Naapa nilitaka. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Lakini wenzetu wakaanza kuimba, abiria wakasogea, wakapiga makofi, na mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa akauliza, "Mwalimu wenu nani?" Vidole vyote vikaelekea kwa Mutayoba.

"Na huyu aliyesimama naye?"

"Huyo?" Mmoja wa wanakwaya akasema, wala hakuwa na ubaya. "Huyo anaimba besi."

Anaimba besi. Miaka minne ya kuwaongoza, na nyimbo ishirini na tatu nilizowatungia. Nikafunga mdomo wangu, na lile neno la kukubali likarudi tumboni likageuka sumu.

Mgeni wa kwetu inabidi aelezwe jambo moja. Sisi tumelelewa kwenye ngoma za mashindano. Baada ya mavuno vikundi viwili husimama uwanja mmoja, kila kimoja na manju wake, yaani mtunzi na mwongoza nyimbo, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Na kila mtu anajua kwamba manju ana dawa yake ya kuvuta watu. Wengine huifukia uwanjani, wengine huishika mkononi na kuinong'oneza kabla ya kuanza. Babu yangu mzaa mama alikuwa manju. Nilijua kabisa watu wetu watafikiri nini wakimwona mtu anagonga chuma gotini, anakisikiliza, anatikisa kichwa kama aliyejibiwa, na mara kanisa linajaa mpaka madirishani.

Jumatatu yake tulikuwa tunavaa buti, mimi na Ngosha, mkata minofu mwenzangu.

"Hivi Shimba, mmefanya nini kigangoni kwenu?" akaniuliza. "Mke wangu siku hizi anaacha kanisa lake anakuja kusimama dirishani kwenu kama kuku wa jirani."

Nilikuwa nanoa kisu. Sikuinua hata macho. "Muulizeni huyo mkaguzi wenu huwa anaongea na nini kabla hatujaimba."

"Anaongea na nini?"

"Mimi nitajuaje? Ana chuma. Anakigonga, anakiweka sikioni, kinamwambia. Halafu watu wanajaa."

"Wewe!"

"Mimi sijasema kitu, Ngosha. Umeniuliza, nimekujibu."

Na kweli. Kila neno lilikuwa la kweli. Ukiyaweka pamoja, ulikuwa uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuutoa kinywani.

Mpaka Alhamisi, midomoni mwa watu chuma kilikuwa kimetoka kwa mganga kisiwani. Mpaka Jumamosi, kilikuwa kinakula watu. Halafu Queen akakauka sauti. Alikuwa anafanya kazi chumba cha barafu, anafunga minofu kwenye maboksi, na juma lile alikuwa ameimba msibani siku tatu mfululizo; sauti ingebaki vipi? Lakini mama Teodora alisimama bombani, mikono kichwani, akalia mbele ya foleni yote ya ndoo: "Sauti ya mwanangu imo kwenye kile chuma! Imeingia humo, nawaambia! Mtoto hata shikamoo haisikiki!"

Kuanzia hapo fitina haikunihitaji tena. Ilikwenda yenyewe.

Mutayoba alikuwa na mke, Kokulinda, na mtoto wa miezi saba. Kokulinda alipofika bombani, wanawake walichukua ndoo zao wakasogea mbali, wakaacha maji yanamwagika. Akajaza ndoo yake peke yake, mtoto mgongoni. Alikuwa na desturi ya kupika ndizi na kuwapelekea majirani kwenye bakuli. Bakuli zilianza kurudi na ndizi ndani, hazijaguswa, zimepoa. Kiwandani watu waliacha kunywa chai ya birika aliloligusa Mutayoba. Na mwenye nyumba waliyopanga, bwana Chenge, akawaambia watafute pengine kabla ya Pasaka, maana wapangaji wengine wanatishia kuhama.

Kwaya ikashuka kutoka watu arobaini mpaka kumi na mmoja. Mutayoba aliendelea kufika mazoezini na shati lake limenyooshwa, akiwafundisha hao kumi na mmoja kana kwamba ni mia.

Mzee Revocatus akaniita pembeni. Uso wake ulikuwa umezeeka kwa juma moja. "Dominika ya Matawi, baada ya misa, baraza la kigango litakaa, mbele ya watu wote. Nadhani watamwondoa. Wakimwondoa, Shimba, kwaya inarudi kwako."

Nilikuwa nimeshinda. Nikaenda nyumbani, nikachukua daftari, nikakaa nitunge wimbo wa ushindi.

Hakuna kilichokuja. Mimi, ambaye maneno yalikuwa yananijia hata nikiwa namchuna sangara ngozi! Nilihesabu nane, nikapata saba. Nikahesabu tena, nikapata takataka. Siku nne daftari lilikaa wazi. Nilifikiri wivu ni moto niliomwashia mwenzangu. Kumbe niliuwasha nikiwa nimeukalia. Ulianza na mimi. Ulikula usingizi, ukala sala, kila nikisema "utusamehe makosa yetu" ulimi unakwama hapo hapo, na mwisho ukala kile nilichokuwa nakitetea, maneno yangu yenyewe. Mungu aliyenipa alikuwa ameweka mkono wake juu ya kisima.

Jumamosi mchana, mkesha wa Matawi, nilimkuta mama yangu, Bernadeta, uani. Alikuwa anaosha mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara tunavyoletewa sisi watu wa Mwanza minofu ikishasafiri. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mke wa mwalimu wenu alikuja. Wanafunga mizigo. Kaacha karatasi yako hapo kwenye kigoda. Kasema ni yako, haina maana waondoke nayo."

Nikaichukua. Nota bado zilikuwa kama nyayo za kuku. Lakini juu kabisa paliandikwa maneno ya kawaida, kwa herufi kubwa zilizonyooshwa kwa rula: MANENO NA MAHADHI: SHIMBA MAIGE. Chini yake, kwa herufi ndogo za kubana: Sauti nne, P.M. Na tarehe. Ilikuwa ya juma moja kabla sijarudi kutoka Kisesa.

Alikuwa hajawahi hata kuiona sura yangu. Watu arobaini walikuwa wameshika jina langu mikononi zaidi ya mwezi mzima, na mtu pekee ambaye hakuliona ni mimi.

Mama alikuwa ananitazama sasa.

"Shimba. Kile chuma ni nini?"

"Ni uma wa sauti, mama. Wa kupatia pa kuanzia wimbo."

"Umejua leo?"

"Hapana."

"Tangu lini?"

"Tangu kivukoni. Alinionyesha mwenyewe."

Akaweka kisu chini, akajifuta mikono polepole kwenye kanga. "Babu yako alikuwa na dawa ya ngoma, na hakubatizwa mpaka anaingia kaburini. Lakini siku alipokutana na manju aliyemzidi, nilikuwa mtoto, niliona kwa macho yangu: alivua mgolole wake akamvisha yule mtu mbele ya uwanja mzima. Wewe una ubatizo, una kipaimara. Na umemwinda mtu aliyekurudishia wimbo wako akiwa ameuvisha nguo mpya."

Nikamweleza nilichomwambia Ngosha kiwandani.

"Kulikuwa na mfalme," akaendelea, "alikuwa na kijana wa kumpigia kinubi ili roho yake itulie. Siku wanawake walipomsifu kijana kumzidi yeye, akaanza kumrushia mkuki. Ulinisomea wewe mwenyewe, hapa hapa. Yule mfalme aliishia wapi?"

"Pabaya, mama."

"Basi."

"Padre atakuwepo kesho. Nitaungama."

"Ungama, mwanangu. Atakuondolea. Lakini uliyosema kiwandani hukumnong'oneza padre. Yarudishe kwa njia ile ile yaliyopitia."

Asubuhi niliungama. Kisha misa ikaisha, padre akaondoka kwenda kigango kingine, watu wakamiminika uani na matawi yao ya mitende mikononi, na wengine hata si wa kigango chetu, wamekuja kuona mganga wa kwaya. Meza iliwekwa chini ya kivuli cha ukuta. Juu yake chuma, kwenye kitambaa chake. Kati ya meza na watu paliachwa nafasi ya hatua kumi. Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee Mayala, ambaye ujanani alicheza ngoma mpaka Shinyanga, na hata yeye alikuwa amekisogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina."

"Mwalimu, watu wanauliza. Hiki ni nini?"

Mutayoba akaeleza, taratibu, kama anavyofundisha. Minong'ono ikapita. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Mganga gani atakuambia ni dawa?" Wengine wakacheka kicheko kibaya.

"Yupo mwingine anayekijua chuma hiki?" akauliza mzee Mayala. "Wa hapa hapa kwetu?"

Mutayoba akainamisha kichwa. "Yupo, mzee. Nilimwonyesha mwenyewe. Lakini sitamtaja."

"Kwa nini usimtaje? Unafukuzwa, wewe bwana!"

"Nikimtaja, mtamgeukia yeye. Akitaka, atasema."

Alikuwa anatazama ardhi. Ila Kokulinda, mtoto mgongoni, alikuwa ananitazama mimi, macho makavu.

Nitasema kweli yangu yote. Kiburi changu kiliniambia, kaa. Nimezaliwa nacho, hakijawahi kunitoka. Kiliniambia, kaa, Shimba, utakuwa kichekesho cha Nyakato nzima. Nikaomba, neno moja tu: Bwana. Na hapo hapo kiburi kile kile kikageuka upande wa pili, kikaniuliza: kumbe unaogopa? Wewe? Mungu hutumia kilichopo ndani ya mtu. Nikasimama.

"Ni mimi."

Vichwa vyote vikageuka.

"Mimi Shimba. Alinionyesha kwenye kivuko cha Kamanga, nikakijua, nikakiuma kwa meno yangu haya. Halafu nikaenda kiwandani nikasema anaongea na chuma. Sikusema ni dawa. Nilijua ninyi mtamalizia. Nilimwonea wivu, kwa sababu alichukua wimbo wangu akaufanya mzuri kuliko mimi. Hakuna dawa hapa. Kama kuna uchawi kigangoni hapa, ni ule uliotoka mdomoni mwangu."

Kelele zilizopanda hapo sijawahi kuzisikia hata kwenye mpira. "Mwongo!" "Mtoeni nje!" "Wamehongana hao!" Mama Teodora akapenya mbele. "Na sauti ya mwanangu je? Sauti ya mwanangu iko wapi, we Shimba?"

Nikavuka zile hatua kumi, nikakiokota chuma. Wanawake wakapiga yowe. Nikakigonga gotini kwa nguvu zangu zote, nikakisimamisha mezani, na meza ikanguruma.

Watu wa mbele wakarudi nyuma, wakawakanyaga wa nyuma. Mzee Mayala peke yake hakukimbia. Nadhani miguu ilimgomea.

"Mzee, weka mkono mezani."

"Mimi?"

"Wewe si mwenyekiti?"

Akauweka, kidole kimoja, kisha kiganja. Uso wake ukabadilika. "Eee! Kama nyuki kwenye mzinga!"

"Sasa kiume kwa meno."

"Meno yenyewe ayatoe wapi?" mtu akapaza sauti, na uwanja mzima ukaangua kicheko, safari hii kicheko kizuri. Mzee Mayala ana meno manne, lakini hayo manne alikiuma nayo, macho yakamtoka, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Kimeingia! Kimeingia kichwani! Jamani, kinaimba! Ni chuma tu hiki, watu wangu, ni chuma!" Akanigeukia. "Kigonge tena."

Ngosha akaja, amekasirika kweli. "Wewe uliniambia mimi. Nikamwambia mke wangu. Umenifanya mjinga."

"Nimekufanya. Njoo ukigonge mwenyewe, halafu ukawaambie wote uliowaambia."

Akakigonga. Akakisikiliza muda mrefu, shingo imepinda, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Nyuma yake foleni ikaanza kujipanga, watu wanasukumana, kila mmoja anataka zamu yake. Na katikati ya msukumano huo Queen akatokea, amejifunga kitambaa shingoni. Akakichukua chuma, akakigonga, akakiweka sikioni, akafumba macho. Kisha akafungua kinywa, akaitoa sauti ile ile.

Ilikuwa na mikwaruzo. Ilitetema kidogo. Lakini ilikuwa yake, na ilipanda.

"Mama, ninayo," akasema. "Imeanza kurudi tangu juzi. Niliogopa tu kuijaribu."

Mama Teodora akakaa chini pale pale vumbini, tawi la mtende mapajani, akalia. Akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwa Kokulinda, akasimama mbele yake. Akanyoosha mikono tu kumwomba mtoto. Kokulinda alifikiri. Uwanja wote ulimwona akifikiri. Kisha akalegeza kanga, akampa.

"Anzisha," Mutayoba akaniambia.

"Wewe ndiye mwalimu."

"Wimbo ni wako. Anzisha, kaka."

Akagonga chuma, akanitajia sauti ya kuanzia. Nikaianza, peke yangu, na besi yangu hii, "Upepo ulipovuma," na kutoka kila upande wa uwanja wakaanza kujitokeza, kumi na mmoja, ishirini, wale waliokimbia wakirudi wanasukuma watu kwa viwiko kutafuta safu zao. Tulipofika kwenye "ziwa lote likanyoka" tulikuwa arobaini na zaidi, na mia mbili nyuma yetu waliokuwa wameusikia dirishani mpaka wakaushika, matawi juu, vumbi juu, mzee Mayala anatupa miguu kama yuko Shinyanga. Ngosha alisema baadaye kwamba walinzi wa kiwandani walitoka getini kuangalia ni maandamano ya chama gani. Sisi tulikuwa na chama kimoja tu siku ile. Nilikuwa nimeshindwa mbele ya watu wote walionijua, na sijawahi kuimba kwa ushindi namna hiyo maishani mwangu.

Baraza lilinisimamisha uongozi wa kitu chochote kwa miezi sita, na ilikuwa haki. Kwaya ilibaki kwa Mutayoba. Bwana Chenge alipita akikohoa, akasema habari ya nyumba tuiache kama ilivyo. Familia mbili hazikurudi, na mpaka leo zikimwona Mutayoba njiani zinavuka upande wa pili. Uovu nilioutuma kwa sentensi tatu haukurudi wote kwa wimbo mmoja.

Lakini siku ile ile ya Matawi, watu walipoanza kutawanyika, nilienda kwa Kokulinda. Alikuwa amempokea mtoto wake, anamfunga mgongoni.

"Dada Kokulinda, nisamehe."

Akafunga fundo la kanga kwanza. "Mume wangu amekusamehe zamani, yeye ndivyo alivyo. Mimi bado najitahidi. Umesema vizuri leo, Shimba. Lakini wewe ni mtu wa kusema vizuri, hata ukiharibu unaharibu vizuri. Kesho asubuhi mimi nitakuwa bombani, na wewe hutakuwepo."

Wanawake wa foleni walikuwa wamesimama karibu, wanasikiliza. Mama yangu alikuwa miongoni mwao. Nikapandisha sauti ili kila mmoja asikie.

"Nitakuwepo. Kesho asubuhi na kila asubuhi mpaka Pasaka, mimi Shimba mwana wa Maige nitasimama kwenye foleni na ndoo yako, nitaijaza, nitaibeba kichwani mwangu mpaka mlangoni kwako. Na kila atakayeniuliza mwanamume mzima anabebaje maji ya watu, nitamweleza nilichokufanyieni, tangu kivukoni mpaka hapa, bila kupunguza hata mizani moja."